Nukta Ishirini na Mbili

Kazi yangu ni kuwapunguzia watu maneno. Nina chumba kimoja mjini Kisii, juu ya duka la dawa, na mlangoni nimebandika karatasi: SLAIDI, RIPOTI, KUCHAPA. Wanafunzi wa chuo huniletea slaidi arobaini za kutetea tasnifu zao, kila moja imejaa hadi pembeni, nami huwauliza swali moja tu: unataka mtu aone nini hapa? Hawajui. Mwenyekiti mmoja wa chama cha akiba alitaka picha za wanakamati wote kumi na saba kwenye slaidi ya kwanza, kwa kuwa ukimwacha mmoja hutalala. Nilimfukuza. Alirudi baada ya siku mbili na picha tatu, nikampokea. Hasira zangu ziko karibu, najua, lakini slaidi iliyosongamana huniudhi kuliko jirani mwenye redio.

Kinyozi hajinyoi. Slaidi mbaya kuliko zote nilizowahi kuziona nilizitengeneza mimi mwenyewe, Joyline, zikiwa thelathini na moja, na zilimhusu mama yangu.

Mama, jina lake Bitutu, alipigwa na kiharusi mwaka jana mwezi wa tisa. Mkono wa kulia ulikufa, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakaanza kumtoka moja moja. Anaishi kwetu, upande wa Nyamira, katika nyumba aliyoachiwa na baba, na dirisha la sebuleni linatazama shamba lake la chai. Anayekaa naye ni Phanice, jirani yetu mjane mwenye miaka hamsini hivi, ambaye pia humchumia chai kila Jumatatu na Alhamisi. Mwanzoni mwa mwezi wa sita kaka yangu Thadeus, anayeishi Nairobi, aliandika kwenye kundi la familia: "Jumapili tunaamua mambo ya mama. Mimi nimeshatayarisha chumba."

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya sita. Nilisoma ujumbe ule mara tano nikiwa nimesimama. Niliona wazi kwamba nisipofanya kitu, Jumapili jioni mama ataondoka ndani ya gari la Thadeus, na mimi nitabaki kuzungumza kwa simu na mtu asiyeweza kuzungumza. Sikutaka aende. Nasema hivyo waziwazi ili mtu asidhani nilikuwa natafuta haki ya yeyote.

Sasa, katika vikao vya kwetu binti huongea mwisho. Baba mdogo Onyiego, ndugu wa marehemu baba, ndiye huviongoza. Huanza na wavulana, kisha wake zao, kisha wazee waliochelewa, kisha chai inaletwa, halafu ndipo anakumbuka: "Na huyu msichana ana neno?" Nina miaka thelathini na tisa. Lakini katika kazi yangu nimegundua jambo moja: mtu mwenye projekta hakatizwi. Mzungumzaji wa kawaida watu watamwambia keti, umemaliza. Ukiwasha taa ile ukutani, hata mzee mkaidi atakunja mikono angoje picha inayofuata.

Nilifika nyumbani Ijumaa saa tisa alasiri na projekta niliyoazima kwa mwalimu mmoja wa Mosocho. Nikakaa mezani nikaendelea kujaza slaidi. Picha ya mama akiwa kijana. Ramani ya hospitali za karibu. Barua ya daktari, nzima, herufi ndogo zisizosomeka. Aya ya Biblia kuhusu kuwaheshimu wazazi. Picha ya kaburi la baba, ili Thadeus aone haya. Kila nilipohisi hoja haina nguvu, niliongeza slaidi mbili.

Ya kumi na nne ndiyo iliyokuwa fahari yangu. Phanice ana daftari la shule ambamo huandika kila mama anapoanguka, tarehe na mahali. Nilikuwa nimezihesabu tarehe zile nikachora nguzo tano: Januari mara saba, Februari sita, Machi sita, Aprili mbili, Mei moja. Nguzo zinashuka vizuri kabisa. Mtu yeyote angeona kwamba mama anapata nafuu, na kwamba anapata nafuu hapa hapa. Chini ya slaidi ya kumi na tano niliandika: "Hatua za usalama ziliimarishwa mwezi wa Aprili." Sentensi ya aina hiyo, mteja akiniletea, humuuliza: hatua gani? Nani aliimarisha? Siku ile sikujiuliza.

Sisi ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa kazi inakoma mpaka lizame tena Jumamosi, na mama ni mjane wa mzee wa kanisa, hana mchezo na jambo hilo. Mimi mjini huwa nateleza kidogo, Mungu anajua. Katika nyumba ya mama sitelezi. Niliona mwanga umepungua dirishani, nikabonyeza kuhifadhi, nikafunga laptopu, nikaiweka chini ya mto wa kochi na kuikalia.

Tulikuwa katikati ya wimbo wa kufungua Sabato nilipokumbuka rangi. Nguzo tatu za kwanza nilikuwa nimezipaka nyekundu. Jicho huenda kwanza kwenye kitu kirefu chenye rangi kali. Hilo nawafundisha watu kila wiki. Thadeus hataona nguzo zinashuka. Ataona saba, tena nyekundu, na atasema: "Mara saba kwa mwezi mmoja, na bado mnataka abaki?" Nikaacha kuimba. Phanice akaendelea, na mama naye kwa upande mmoja wa mdomo, na mimi nikiwa nimekalia kosa lenyewe.

Usiku ule usingizi haukunijia. Asubuhi Phanice alikwenda kanisani, mimi nikabaki na mama. Nilikunja nguo zilizokuwa zimekunjwa. Nilipanga vikombe. Mara tatu nilikwenda mpaka kwenye kochi, nikagusa mto, nikarudi. Nilikuwa nahariri kichwani: nguzo za kwanza ziwe kijivu, ya Mei iwe kijani, namba saba ipunguzwe ukubwa. Halafu najikumbusha kwamba hata kuhariri kichwani ni kazi. Halafu nahariri tena.

"Keti," mama alisema.

Nikaketi. Baada ya dakika nikasimama.

"Joyline. Keti."

Nilimtoa nje barazani, nikamweka kwenye kiti chake, nikaketi kwenye ngazi ili asinione nikitikisa mguu. Tulikula matoke na chinsaga, mboga za kwetu, zilizopikwa jana yake. Mbele yetu kulikuwa na ua, tangi la maji, mparachichi, kisha chai yote ikishuka mpaka mtoni. Hakukuwa na mtu shambani. Mama alikuwa ametulia, mabega yameshuka. Ilinijia kwamba sijamwona hivyo kwa muda mrefu, maana mimi huja siku za wiki, nikikimbia, na siku hizo yeye hukaa kitini akisugua ule mkono uliokufa.

"Leo kumetulia," alisema.

"Ni Sabato, mama."

"Hawachumi."

Sikuelewa. Akainua mkono wa kushoto akasugua wa kulia.

"Huu. Jumatatu unawasha. Alhamisi unawasha." Alinyamaza kutafuta neno lililofuata, nami kwa mara ya kwanza sikumtafutia. "Phanice ni mtu mzuri. Lakini anachuma vibaya. Anavuta majani makuukuu. Meza imepanda. Naona kutoka dirishani."

Meza ni ule uso wa juu wa michai, ambao mchumaji mzuri huuweka sawasawa. Mama aliuweka sawa kwa miaka hamsini na miwili. Karani wa kituo cha chai alikuwa akiona kikapu chake anakipitisha bila kuchambua.

"Ndiyo maana unainuka kitini?" nikauliza.

"Naenda kwa chai."

"Ile siku ulianguka hapa kwenye ngazi?"

"Naenda kwa chai."

"Na pale kwa tangi?"

Alinitazama jinsi unavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Zote, Joyline. Zote nilikuwa naenda kwa chai."

Hapa lazima niseme kitu ambacho sikukiweka kwenye slaidi yoyote. Mwanzoni mwa Aprili nilinunua kufuli mjini. Nilimletea Phanice nikamwambia: ukienda kuchuma, mfungie ndani, anaanguka sana akibaki peke yake. Phanice alilitazama lile kufuli, akalitia mfukoni shingo upande. Zile ndizo hatua za usalama zilizoimarishwa. Nguzo zangu nzuri hazikuwa zinashuka kwa sababu mama anapona. Zilikuwa zinashuka kwa sababu mlango umefungwa.

Naapa sikuwa nimeliona hivyo mpaka dakika ile. Nilikuwa naliona kama jambo la busara. Chinsaga zikawa chungu mdomoni.

"Sasa Phanice ananifungia," mama aliendelea, polepole. "Tangu mvua zianze. Sijui nilimkosea nini." Alifuta mdomo upande ule unaovuja. "Usimwambie Thadeus. Atamfukuza. Ana watoto."

Hapo ndipo ningesema: mama, ni mimi. Nilifungua mdomo, kikatoka kitu kingine kabisa: "Sitamwambia." Nikabeba sahani nikaingia ndani, nikasimama jikoni nimeshika sinki. Nilijichukia kwa kweli.

Phanice aliporudi kutoka kanisani alisalimu, "Sabato njema, Mama Thadeus." Mama akageuza uso akatazama ukuta. Nilimfuata Phanice nyuma ya jiko.

"Ni tangu lini haitikii salamu yako?"

"Tangu kufuli."

"Na mbona hukumwambia ni mimi nililileta?"

Phanice alikuwa akivua viatu vya kanisani, akavigonga kutoa udongo. "Joyline, wewe ni mtoto yake. Mimi ni jirani tu. Akinikasirikia mimi, atalala. Akikukasirikia wewe, hatalala." Akaingia kubadilisha nguo.

Jua lilizama. Tukaimba wimbo wa kufunga Sabato, na kabla hata Phanice hajawasha moto mimi nilikuwa nimeshafungua laptopu. Nilianza na nguzo. Kijivu, kijivu, kijivu, kijani. Nikapunguza ile saba. Nikafuta slaidi tatu zilizoizunguka ili ipumue. Ilinichukua dakika kumi, na ikapendeza, na kwa grafu ile ningeshinda. Baba mdogo Onyiego angetikisa kichwa, Thadeus angekosa la kusema. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ilikuwa na urefu wa kutosha kunifikisha Jumapili jioni, na mimi sikuhitaji zaidi ya hapo. Isitoshe, nisingesema uongo hata mmoja. Kila namba ilikuwa sahihi.

Nililiacha hapo nikaomba lile daftari la Phanice. Nataka kusema dhamiri ilinituma, lakini kwa kweli ni mazoea ya kazi: nilikuwa nimetumia tarehe tu, mahali sikupagusa, na ilinikera. Nilichora boma letu kwa mistari michache. Sanduku la nyumba, mlango, ngazi, tangi, mparachichi, na mistari ya chai. Nikaanza kusoma daftari na kuweka nukta moja nyeusi kila alipoanguka. Mlangoni, nne. Kwenye ngazi, tano. Karibu na tangi, sita. Chini ya mparachichi, nne. Mbili kwenye ukingo kabisa wa shamba, moja ya hizo Phanice alikuwa ameandika, "ameshika mchai."

Nilipoweka ya ishirini na moja sikuhitaji maelezo. Zilikuwa zimepangana kutoka kwenye kiti cha mama mpaka kwenye chai. Ya ishirini na mbili, ya Mei, ilikaa peke yake ndani ya nyumba. Daftari lilisema: "Ndani, chini ya dirisha. Alikuwa amepanda stuli."

Nililia pale mezani, machozi yakanidondokea mkononi. Kisha nikafuta slaidi nyingine zote, pamoja na ile grafu ya kijani na kaburi la baba.

Jumapili saa nne tulipigilia shuka jeupe kwenye ukuta wa sebule na kuziba dirisha kwa blanketi. Thadeus alikuja na mkewe Sheila, ambaye ni Mtaita, na kwa ajili yake kikao kikafanywa kwa Kiswahili. Baba mdogo Onyiego alikaa kwenye kiti cha baba, fimbo katikati ya magoti. Mama aliwekwa karibu na mlango wa jikoni. Ombi likaombwa, kisha Thadeus akapewa nafasi.

Aliongea vizuri. Nilitaka aongee vibaya, lakini aliongea vizuri: hospitali dakika kumi, lifti, mtaalamu wa mazoezi mara mbili kwa wiki, wajukuu. Mwishoni akasema, "Mimi nikiona simu ya nyumbani inalia saa za kazi, roho inaruka. Nafikiri ni hiyo simu sasa. Nimechoka kuogopa." Sheila akamshika goti. Niliona kaka yangu amekonda, na sikuwa nimeliona hilo mlangoni aliposhuka garini.

"Na huyu msichana?" Baba mdogo alisema, hata chai haijaletwa. "Naona amebeba sinema."

Nikawasha. Boma letu likatokea kwenye shuka, mistari na nukta tu, bila kichwa cha habari. Nikasogea kando ili wote waone.

"Hii ni hapa," Baba mdogo alisema. "Tangi hiyo. Avokado hiyo. Na hizo doti ni nini?"

"Kila moja ni mahali mama ameanguka tangu Januari."

Mzee aliinuka. Akakaribia shuka mpaka kivuli chake kikafunika nyumba, akainua fimbo, akaifuata njia ile kutoka mlangoni, nukta kwa nukta, akishuka. Fimbo ilipogusa chai akageuka.

"Alikuwa anaenda kuchuma," alisema. "Shemeji yangu alikuwa anaenda kuchuma, na sisi tunasema ni kizunguzungu."

Chumba kizima kiligeuka kumtazama mama. Mama alikuwa akitazama shuka. Sijui kama aliwahi kuona picha ya kitu alichokuwa akijaribu kutuambia.

Thadeus hana akili ndogo. Alisogea mbele kitini. "Na hii moja ya ndani? Chini ya dirisha?"

Ningeweza kusema alipoteza njia. Ningeweza kusema lolote, taa ilikuwa mkononi mwangu. Nilijua nikisema ukweli, Thadeus atamtia mama garini na kuondoka naye.

"Alikuwa anataka kutokea dirishani," nikasema. "Mlango ulikuwa na kufuli. Nililinunua mimi, mwezi wa nne. Phanice nilimwamuru. Hakutaka."

"Ulimfungia mama?" Sheila alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

"Ni wewe," mama alisema. Hakuwa anauliza. Alinitazama mara moja tu, kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni. "Phanice."

Phanice alikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Mama akamnyooshea mkono wa kushoto. "Nisamehe," akasema, kisha akaendelea kwa Ekegusii, neno moja moja, kwamba amemnyima salamu miezi miwili na amekula chakula chake kwa hasira. Phanice aliweka trei sakafuni, katikati ya miguu ya watu, akapiga magoti akaushika mkono ule.

Thadeus alisimama. "Si mmeona sasa! Mama anafungiwa kama mbuzi. Leo anaenda na mimi. Huko hakuna ngazi, hakuna tangi, hakuna chai."

"Thadeus," mama alisema. "Huko mlango unafungwa?"

"Lazima, mama. Ni Nairobi. Ni mlango wa chuma, na chini kuna mlinzi."

Mama alicheka kwa ule upande mmoja. "Basi ni sawa na huyu." Alinielekeza kwa kidevu. Neno lile lilinichoma, na lilikuwa haki yangu.

"Ngojeni kwanza," Baba mdogo alisema. Alionekana ameaibika, na mzee yule haaibiki ovyo. "Maneno mingi imetoka hapa, na mwenyewe hatujamuuliza. Mama Thadeus, wewe unataka nini?"

Ilichukua muda. Taa ya projekta ilikuwa inavuma, na mimi nilitaka kuizima lakini niliogopa kusogea.

"Mlango wazi," mama alisema.

"Lakini utaanguka!" Thadeus alipaza sauti, na sauti ikamkatika. "Mama, utaanguka."

"Nitaanguka," alisema mama, safi kabisa, bila kutafuta neno.

Kikao kiliisha saa nane. Iliamuliwa abaki. Iliamuliwa nguzo za mbao za kushikilia zipigwe kutoka kwenye ngazi mpaka shambani, na kwamba mimi nifunge chumba changu cha mjini Jumatatu na Alhamisi nije nyumbani. Thadeus alikubali bila kutukubalia. Aliondoka hajanyoosha mkono wa kwaheri. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, mama hakwenda popote, lakini alikuwa haniongeleshi. Jumatatu ya kwanza baada ya nguzo kupigwa alitembea mbele yangu akizishika, na nilipomkaribia sana alisema neno moja tu: "Nyuma." Nikakaa nyuma. Alimwona Phanice akivuta majani makuukuu akamchapa mkononi, na Phanice akacheka mpaka kikapu kikamtoka.

Alianguka Alhamisi ya pili. Nilikuwa hatua tatu nyuma yake na sikuwahi. Mguu ulinasa kwenye mzizi, akaenda chini ubavu ubavu kati ya mistari miwili ya chai, na kiwiko kikachanika. Nilimfikia nikipiga kelele. Alikuwa amelala anatazama michai kutoka chini, mahali ambapo hakuna mchumaji anayepatazama, na alinikataza kumwinua. "Bado," alisema. Nilikaa chini kwenye udongo karibu naye, kiwiko chake kimefungwa kwa kitambaa changu, mpaka aliposema sasa. Lilikuwa neno la tatu kuniambia tangu Jumapili ile.

Jioni nilimpigia Thadeus mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine. Nilimwambia kila kitu: mzizi, kiwiko, nyuzi tano kwenye zahanati. Nilisubiri anifokee. Nilikuwa tayari, nilikuwa hata na maneno ya kumrudishia.

"Mlango ulikuwa wazi?" akauliza.

"Ulikuwa wazi."

Nilisikia magari ya huko kwao, na Sheila akiuliza ni nani.

"Alikuwa amechuma kiasi gani?" akauliza kaka yangu.

Nikaenda nikachungulia kikapu cha mama, nikamwambia ukweli. Viganja vitatu, tena majani makuukuu yote, karani angeyamwaga.

Alicheka kwanza. Halafu nikasikia kwamba analia, nami nikakaa naye kwenye simu mpaka alipomaliza.